Besakih: hekalu kubwa la Wahindu kwenye mgongo wa mlima wa moto

Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 1963, mlima Agung katika kisiwa cha Bali, inchi ya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu. Wingu la moto, mawe na majivu vilishuka kwenye vijiji. Mpaka mlima kutulia mwanzoni mwa 1964, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa. Kilometa chache tu kutoka kileleni kuko hekalu kubwa kuliko yote ya kisiwa, na siku zile lilikuwa katikati ya sikukuu ambayo wazee wengi hawakuwa wameiona katika maisha yao. Uji wa moto ulipita pembeni. Watu wa pale wanasimulia kama ulikosa hekalu kwa meta chache tu.

Hekalu hilo linaitwa Pura Besakih. Neno «pura» ni hekalu katika lugha ya Bali. Mpaka leo waumini wanapanda kule kila wiki na matoleo kichwani, na mlima uko palepale nyuma ya minara, ukiwa bado mzima.

Kwa wakaaji wa Goma na wa teritware ya Nyiragongo, waliokimbia moto mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021, habari za Besakih si za mbali sana. Tofauti ni hii: watu wa Bali waliweka mahali pao patakatifu kuliko pote kwenye mgongo wa mlima wenyewe, na hawakupahamisha hata baada ya 1963.

Wahindu wasiokuwa Wahindi

Watu wengi wakisikia «Hindu» wanafikiri mara moja wenye maduka wanaotoka India. Lakini si kila Muhindi anafuata dini ya Kihindu, na si kila Mhindu anatoka India. Indonesia ni inchi yenye Waislamu wengi kuliko inchi zote za dunia. Bali ni kisiwa kimoja kati ya maelfu ya visiwa vyake, na humo wakaaji wengi zaidi ni Wahindu. Wakaaji wa Dungu na wa Kalemie waliokutana na wanajeshi wa Indonesia wa MONUSCO waliona zaidi Waislamu wakisali. Wale wa Bali wanasali namna nyingine.

Dini ya India ilifika visiwa vile zamani sana, pamoja na biashara, na ikakaa Java na Bali pia. Ilipofika haikufukuza yale iliyoyakuta. Wabali walikuwa tayari wanaheshimu wakubwa waliokufa, chemchemi, miti mikubwa na zaidi sana milima. Vyote viliingia katika dini mpya. Ndiyo maana Mhindu wa India akifika Besakih anatambua majina ya miungu, lakini minara, matoleo na muziki vinamshangaza.

Katika maisha ya kila siku mlima ni dira. Mbali ataulizwa nyumba ya fulani iko wapi, hatajibu kwanza kaskazini ama kusini. Atasema «kaja», ni kusema upande wa mlima, ama «kelod», upande wa bahari. Upande wa mlima ni upande safi, wa miungu na wa wakubwa waliotangulia. Hekalu la nyumbani linajengwa upande huo wa kiwanja, na mtu akilala anaelekeza kichwa huko. Agung, wenye urefu wa meta zaidi ya 3,000, ndio mlima mrefu kuliko yote ya kisiwa, na jina lake linamaanisha «mkubwa».

Mawe, ngazi na minara ya nyuzi nyeusi

Besakih ni kijiji cha wilaya ya Karangasem, mashariki mwa Bali. Ukitoka Denpasar, mji mkubwa wa kisiwa, barabara inapanda katikati ya mashamba ya mpunga na mabustani mpaka kwenye baridi, karibu meta 1,000 juu ya bahari. Mara nyingi ukungu unafunika mlima kabisa, hata mgeni anaweza kurudi bila kuuona.

Mtu asifikiri nyumba moja yenye paa moja. Besakih ni mahekalu 23 yaliyotawanyika kwenye mteremko, mengine yakiwa mbali na mengine kwa mwendo wa mguu. La juu kabisa, Pura Pengubengan, liko ndani ya miti kuelekea kilele. Upande wa chini kuko Dalem Puri, ambalo watu wanaliendea juu ya roho za wale waliokufa karibuni. La katikati ndilo kubwa zaidi, Pura Penataran Agung. Limepangwa kwa madaraja sita ya mawe meusi ya volkano, moja juu ya jingine. Misingi yake inafanana na majukwaa ya mawe ya watu wa zamani sana, na wachunguzi wanakadiria kama mahali pale palikuwa patakatifu kabla dini ya Kihindu haijafika, labda tangu miaka 2,000 iliyopita. Katika karne ya 15 wafalme wa Gelgel walilifanya hekalu la ufalme wao.

Anayepanda ngazi anakutana kwanza na mlango mkubwa wa mawe uliopasuliwa katikati, nusu kuume na nusu kushoto, bila kitu juu. Anapita katikati kama mtu anayeingia kati ya milima miwili. Ndani kuko minara inayoitwa meru, paa juu ya paa, zikipungua ukubwa kuelekea juu. Idadi ya paa haigawanyiki kwa mbili: tatu, tano, saba, mpaka kumi na moja kwa miungu mikubwa na wafalme waliofanywa watakatifu. Paa haziezekwi kwa mabati wala kwa vigae, ila kwa nyuzi nyeusi za aina ya mtende. Kazi hiyo ni ya mafundi, na nyuzi zikioza inabidi kuanza upya.

Katika kiwanja kikuu kuko kiti cha mawe chenye nafasi tatu, na hakuna sanamu iliyokaa juu yake. Kiko wazi. Waumini wanaamini kwamba mungu anashuka na kukaa wakati wa ibada, kisha anarudi juu. Nafasi tatu ni za Brahma, Vishnu na Siva, na siku za sikukuu kila mmoja anavikwa vitambaa vya rangi yake: vyekundu, vyeusi, vyeupe. Brahma na Vishnu wana pia mahekalu yao pembeni, Kiduling Kreteg na Batu Madeg.

Kuna jingine, Pura Ulun Kulkul, linalojulikana juu ya kulkul yake. Kulkul ni gogo lililochimbwa tundu refu na kupigwa kwa fimbo. Mtu aliyekulia kwenye kijiji chenye lokole hahitaji maelezo zaidi. Katika kila mtaa wa Bali linapigwa kuita watu, kwa kazi ya pamoja, kwa kifo ama kwa hatari, na lile la Besakih ndilo linaloheshimiwa kuliko yote.

Mahekalu mengine ni ya koo. Familia inapanda kusalimu wakubwa wake, kila ukoo na kiwanja chake. Hivi mkulima, mwalimu na dereva wanajikuta wote na sababu ya kufika Besakih, na hakuna anayeweza kusema hekalu ni la tabaka moja.

Kazi ya matoleo

Besakih ina sherehe kama 70 kwa mwaka, sababu kila hekalu linafuata siku yake, na kalenda ya Bali ya siku 210 inazungusha siku hizo upesi. Kubwa ya kila mwaka inafanyika wakati wa mwezi mpevu wa mwezi wa kumi wa kalenda yao, karibu mwezi wa tatu ama wa ine wa kawaida. Jina lake linamaanisha kwamba miungu yote inashuka pamoja. Wiki hizo barabara zinajaa malori na pikipiki za waumini waliovaa nyeupe.

Nyuma ya sherehe kuko kazi, na kazi kubwa iko mikononi mwa wanawake. Wanasuka vikapu vidogo vya majani ya mnazi, wanaweka maua, wali kidogo, uvumba. Wanapanga matunda na keki mpaka yanakuwa mnara, kisha wanabeba kichwani kupanda ngazi bila kushika. Matoleo ya sikukuu kubwa yanaweza kuchukua miezi kutayarishwa. Baada ya sala, familia inarudi na matunda nyumbani na kuyakula. Miungu imekwisha kuchukua sehemu yake.

Mwishoni mwa sala kuhani ananyunyizia watu maji matakatifu, anawapa kidogo kunywa, na wanabandika chembe za mchele kwenye paji la uso. Maji ndiyo kitu cha lazima kuliko vyote, hata Wabali wenyewe wakati mwingine wanaita dini yao dini ya maji matakatifu. Hilo linaeleweka: mvua inayoanguka juu ya milima ndiyo inayoshuka kumwagilia mpunga wa chini, na majivu ya volkano ndiyo yamefanya udongo uwe mnene.

Kuko masharti pia. Aliyefiwa karibuni haingii mpaka siku zake za kujitakasa ziishe, na mwanamke aliye katika siku zake hapandi. Asiye Mhindu anafika mpaka nje ya viwanja vya ndani, amefungwa kitambaa kiunoni. Viwanja vyenyewe vinabaki kwa wanaosali.

Mwaka 1963: sikukuu na moto

Kuko sherehe moja kubwa kuliko zote, Eka Dasa Rudra. Jina ni «Rudra kumi na moja»: Rudra ni Siva akiwa mkali, na kumi na moja ni pande zote za dunia, yaani pande nane, katikati, juu na chini. Shabaha ni kutuliza nguvu za pande hizo ili dunia irudi sawa. Kwa desturi inafanywa mara moja kwa miaka 100, mwaka wa kalenda ya Saka unapoishia na sifuri mbili.

Mwaka 1963 haukuwa mwaka huo. Lakini inchi ilikuwa imepita katika mabaya mengi: vita, ukaaji wa Wajapani, mapigano ya uhuru, njaa, magonjwa ya mashamba. Ilionekana kwamba sherehe ingeweza kufanywa kabla ya wakati, juu ya shida. Wengine walipinga, wakisema siku si yenyewe. Siasa pia ilikuwa na mkono wake. Serikali ya Rais Sukarno, ambaye mama yake alikuwa Mbali, ilitaka jambo hilo lifanyike na lionekane.

Matayarisho yalikuwa yameenda mbali wakati mlima ulipoanza kunguruma, tarehe 18 mwezi wa pili. Siku sita baadaye lava ilitoka na kushuka pole pole upande wa kaskazini. Majivu yaliwaangukia watu waliokuwa wanasuka matoleo Besakih. Makuhani walijikuta mbele ya swali zito: kusimamisha, ama kuendelea? Waliendelea. Siku kubwa ilikuwa tarehe 8 mwezi wa tatu, na mlima ulikuwa unatoa moshi. Siku tisa baadaye ukapasuka.

Waliokufa wengi hawakuuawa na lava, sababu lava inatembea na mtu anaweza kuikimbia. Waliuawa na wingu la hewa ya moto na majivu linaloshuka mteremko kwa mbio kuliko motokari, na wengine na matope ya volkano, mvua ilipochanganyika na majivu kwenye mabonde. Tarehe 16 mwezi wa tano mlima ulipasuka tena kwa nguvu. Mashamba yalifunikwa, njaa ikafuata, na familia nyingi zilihamia visiwa vingine, Sumatra na Sulawesi, ambako kungali vijiji vya Wabali hadi leo. Hata hali ya hewa ya dunia iliguswa: gesi iliyopanda juu sana ilipunguza kidogo joto la jua kwa muda.

Kisha watu walianza kutafuta maana. Wa kwanza walisema: tuliwaambia, siku haikuwa yenyewe, miungu imekasirika. Wengine walijibu: na hekalu je? Lava imepita pembeni, basi miungu imeonyesha nguvu bila kubomoa nyumba yao. Mabishano hayo hayajaisha.

Kwa wachunguzi wa volkano jambo liko wazi zaidi, lakini linauma namna nyingine. Agung ulikuwa umelala tangu 1843. Miaka 120 ilipita, na hakuna aliyekuwa hai aliyeona ukiwaka. Hapakuwa na mashine za kutosha za kusikiliza tumbo la mlima, wala ramani ya njia za hatari, wala alama za kuwaambia watu sasa ondokeni. Ishara zilikuwako kwa wiki nne nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma na sauti ya kuzipeleka vijijini. Kuwalaumu makuhani peke yao si haki.

Mwaka 1979, mwaka wa Saka ulipofika kweli kwenye sifuri mbili, Eka Dasa Rudra ilifanywa tena Besakih. Rais wa wakati huo, Suharto, alihudhuria. Mlima ulinyamaza.

Mwaka 2017: mara hii watu waliondoka

Mwezi wa tisa mwaka 2017 matetemeko madogo yalianza chini ya Agung, mamia kwa siku. Tarehe 22 idara ya volkano ya Indonesia ilipandisha hatari kwenye daraja la ine, la mwisho. Eneo la kukatazwa lilifika kilometa 12 pande fulani, na Besakih ilikuwa ndani. Watu zaidi ya 120,000 walihama, wengi wakikumbuka hadithi za wazazi wao wa 1963. Wazee waliookoka wakati ule waligeuka walimu: hawakungoja kulazimishwa.

Waliokimbia walipokelewa kwenye viwanja vya michezo, nyumba za ndugu na zaidi sana kwenye mabanjar. Banjar ni umoja wa mtaa wenye ukumbi wake, kulkul yake na masharti ya kusaidiana. Ndio unaozika, unaooza na unaopika kwa sherehe. Mwaka 2017 ulipika kwa wahami.

Shida ilikuwa ngojangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, na mlima haukupasuka. Watu walianza kurudi kwa siri kulisha ng'ombe waliowaacha, hata serikali ikalazimika kupanga namna ya kutoa mifugo. Mwisho wa mwezi wa kumi hatari ilishushwa kidogo. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja majivu yalianza kutoka, na siku chache baadaye uwanja wa ndege wa Bali ulifungwa, maelfu ya watalii wakabaki wamekwama. Mlima uliendelea kutoa majivu mara kwa mara mpaka mwaka 2019. Ulikuwa mdogo mbele ya ule wa 1963, na haukuua kama ule.

Ibada hazikusimama wakati huo wote. Makuhani waliomba, watu walitoa matoleo, na watu hao hao walifuata habari za kituo cha uchunguzi cha Rendang, chini ya mlima, kuuliza mashine zimeandika nini usiku. Kwa wengi mambo hayo mawili hayakugombana. Mwanzoni mwa 2019, mlima ukiwa bado unatoa moshi, Besakih ilifanya Panca Wali Krama, sherehe ya kila miaka kumi ya kutakasa pande tano.

Tetemeko la 1917, na watalii

Moto si adui pekee. Mwezi wa kwanza mwaka 1917 tetemeko kubwa la udongo lilitikisa Bali, likaua zaidi ya watu elfu moja na kubomoa sehemu kubwa ya Besakih. Hekalu lilijengwa upya. Ni kusema, mengi anayoyaona mgeni leo ni kazi ya karne iliyopita juu ya misingi ya zamani sana.

Siku hizi malalamiko ni mengine. Besakih inapokea watalii wengi, na kwa miaka mingi ilijulikana vibaya juu ya vijana waliowazingira wageni mlangoni na kudai feza za kuwaongoza kwa nguvu. Serikali ilijenga maegesho na mahali pa kupokelea wageni ili kupanga mambo. Kwa upande wa waumini, wako wanaoogopa kwamba hekalu litageuka bustani ya picha. Mara kwa mara mtalii anapanda juu ya jengo takatifu la Bali kupigwa picha, na kijiji kinalazimika kufanya ibada ya kutakasa mahali hapo.

Mchanga na mawe meusi ya mlipuko wa 1963 vinachimbwa sasa kwenye mabonde ya Karangasem na kupakiwa ndani ya malori. Vinajenga nyumba, barabara na mahekalu mapya ya kisiwa. Eka Dasa Rudra nyingine, kwa hesabu ya kalenda ya Saka, itafika mwaka 2079.